SOMO LA 16: SIMU YA KIOO CHA KUGUSA, UBORA NA UPUNGUFU WAKE

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba vitu vingine hupitisha umeme na vingine havipitishi. Ulijifunza pia kwamba betri huhifadhi nishati, na kwamba nishati hiyo hupungua kadiri inavyotumika. Katika somo hili utayatumia maarifa hayo kuchunguza chombo kimoja ambacho bila shaka umekwisha kukiona: simu ya mkononi yenye kioo cha kugusa. Watu wengine huiita simu janja. Wengine huiita simu ya kupangusa, kwa sababu mtumiaji hupitisha kidole juu ya kioo kama mtu apangusaye vumbi mezani.

Hutafundishwa hapa namna ya kuitumia simu hiyo. Yawezekana wayajua hayo kuliko mwalimu wako. Utajifunza jinsi inavyofanya kazi, kisha utajifunza kuipima: ni kazi gani inaifanya vizuri, ni kazi gani inaifanya vibaya, na kwa sababu gani. Mtu asemaye "simu hii ni nzuri" au "simu hii ni mbaya" bila kutoa sababu hajasema neno lolote la kisayansi.

Simu ya mwaka 2007

Simu ya kwanza ya kubebwa mkononi ilijaribiwa hadharani tarehe 3 Aprili 1973 katika mji wa New York, Marekani. Aliyeijaribu alikuwa mhandisi aitwaye Martin Cooper. Simu hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Shika mfuko wa sukari wa kilo moja, uuweke sikioni, nawe utajua mkono wa Cooper ulivyochoka.

Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo, karibu simu zote za mkononi zilikuwa na vitufe. Kila kitufe kilikuwa na kazi yake, na mtumiaji alikibonyeza hadi akasikia kimeshuka. Palikuwa na chache zilizokuwa na kioo cha kugusa. Mathalani, kampuni ya IBM iliuza simu ya namna hiyo mwaka 1994, lakini ilikuwa kubwa na nzito, na haikuenea.

Tarehe 9 Januari 2007, katika mji wa San Francisco, mkuu wa kampuni ya Apple, Steve Jobs, aliionyesha simu mpya iitwayo iPhone. Usoni ilikuwa na kitufe kimoja tu. Sehemu kubwa ya uso ilikuwa kioo chenye upana wa karibu sentimeta 5 na urefu wa karibu sentimeta 7.5. Ilianza kuuzwa nchini Marekani tarehe 29 Juni ya mwaka huo. Watu walipanga foleni kuinunua, na wengine waliicheka.

Tumeichagua simu hiyo ya zamani kidogo kwa makusudi. Simu iliyotoka mwezi uliopita husifiwa na kulaumiwa na watu wengi, lakini hatujui bado nani atakuwa amesema kweli. Maneno yaliyosemwa mwaka 2007 yamekwisha kupimwa na miaka. Kwa hiyo tunaweza kuyachunguza kwa utulivu.

Kioo hujuaje kwamba kimeguswa?

Chukua kitana cha plastiki, ukisugue kwenye nywele kavu, kisha ukisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Utaona vipande vile vinarukia kitana kabla hakijavigusa. Umekwisha kulifanya jaribio hili katika darasa la nne. Likumbuke, kwa maana ndani yake mna siri ya kioo cha simu: chaji ya umeme iliyo mahali pamoja huweza kuvuta chaji iliyo mahali pengine bila vitu hivyo viwili kugusana.

Kioo ni kihami, hakipitishi umeme. Lakini chini ya kioo cha simu huwekwa tabaka jembamba sana la kitu kinachopitisha umeme na ambacho pia huruhusu mwanga kupita. Katika simu nyingi tabaka hilo hutengenezwa kwa metali mbili, indiamu na bati, zilizochanganywa na oksijeni. Tabaka hilo hukatwa katika mistari mingi: mingine yaelekea juu na chini, mingine kulia na kushoto. Mistari hiyo haigusani, ila hupishana kama nyuzi za mkeka.

Sasa fikiri juu ya ubao wa bao. Una mistari minne, na kila mstari una mashimo manane, jumla mashimo 32. Mchezaji akisema "mstari wa pili, shimo la tano," hakuna awezaye kukosea shimo analolitaja. Kioo cha simu kimegawanywa vivyo hivyo, ila mahali pa kupishana ni pengi zaidi. Kila mahali pana chaji kidogo ya umeme. Mwili wako una maji mengi yenye chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Kidole chako kinapokaribia mahali fulani, huvuta sehemu ya chaji ile. Ndani ya simu mna chipu ambayo kazi yake ni kuvipitia vituo hivyo vyote, mara nyingi katika kila sekunde moja, ikiuliza: wapi chaji imebadilika? Ikipata mstari na nafasi, imejua kidole kiko wapi.

Zipo pia simu za kugusa za aina nyingine, za zamani zaidi. Hizo zina tabaka mbili zilizoachana kidogo sana, na mtumiaji hubonyeza mpaka tabaka la juu likutane na la chini. Aina hii huitikia kucha, kijiti, hata kidole kilichovaa glavu. Lakini aina nyingi za namna hiyo hutambua mguso mmoja tu kwa wakati mmoja. Simu ya mwaka 2007 ilitambua vidole viwili pamoja. Mtu aliweza kuweka vidole viwili juu ya picha, akavitanua, na picha ikakua. Leo jambo hilo hulifanya hata mtoto wa miaka mitatu, lakini waliolishuhudia mara ya kwanza walipiga makofi.

JARIBIO LA 1

Utahitaji: simu ya kioo cha kugusa (omba ruhusa kwa mwenyewe), kijiti kikavu, kifutio, kijiko cha chuma, ganda la ndizi mbivu na kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Gusa kioo kwa ncha ya kidole kikavu. Kisha gusa kwa kucha peke yake, ukiangalia nyama ya kidole isikaribie kioo. Endelea kwa kijiti, kifutio, na kidole kilichofunikwa kwa kitambaa. Mwisho gusa kwa upande wa ndani wa ganda la ndizi na kwa mgongo wa kijiko, ukivishika kwa mkono mtupu. Usikwaruze wala kugonga. Andika matokeo katika jedwali lenye safu mbili: kilichoitikiwa na kisichoitikiwa.

Wanafunzi wengi huona kuwa kucha, kijiti na kifutio havileti badiliko lolote, ijapokuwa vimegusa kioo kweli. Ganda la ndizi, kwa kuwa lina maji, huitikiwa kama kidole. Matokeo ya kijiko huenda yakatofautiana kati ya simu na simu, jadilianeni sababu.

Baada ya hapo, dondosha matone mawili ya maji juu ya kioo, kisha jaribu kuandika. Kausha kioo mara moja.

Bila shaka umeona taabu iliyotokea. Maji nayo huvuta chaji, na ile chipu haiwezi kujua kwa hakika lipi ni tone na kipi ni kidole. Sasa mfikirie mvuvi aliye baharini mbele ya Kilwa, mikono imelowa maji ya chumvi, naye ataka kumpigia mwenziwe aliye pwani kwamba upepo umebadilika. Au mfikirie mkulima ambaye ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu na kavu kwa jembe la miaka mingi. Ngozi nene na kavu haipitishi umeme vizuri, na kioo huchelewa kumwitikia au hakimwitikii kabisa. Watu hawa wawili si wajinga wa simu. Sababu yao ni ya kisayansi, nawe sasa waweza kuieleza.

Mabishano ya mwaka 2007

Waliosifu simu ile walianza na kioo. Simu ya vitufe, walisema, imefungwa na vitufe vyake. Kitufe cha namba 5 kitakuwa cha namba 5 siku zote, hata wakati unapotazama picha na huna haja ya namba. Katika simu zilizokuwa na kitufe kwa kila herufi, vitufe vilichukua sehemu kubwa ya uso, na picha ikabaki na nafasi ndogo. Lakini kioo cha kugusa hubadilika kila mara. Ukitaka kuandika, kinachora herufi. Ukitaka kupiga hesabu, kinachora namba. Ukitaka kusoma ramani, herufi na namba huondoka, na uso wote huwa ramani.

Hoja hii ilikuwa na nguvu, na ndiyo iliyoshinda hatimaye.

Walisifu pia vipimio vidogo vilivyomo. Kimoja kilitambua simu imesogezwa sikioni, kikazima kioo ili shavu lisije likapiga namba nyingine. Kingine kilitambua simu imelazwa upande, kikaigeuza picha. Tena simu ile ilikusanya vyombo vitatu katika kimoja: simu, chombo cha kusikilizia muziki, na chombo cha kusomea kurasa za intaneti.

Walioilaumu nao hawakuwa watu wa husuda tu. Walikuwa na orodha ndefu, na sehemu kubwa ya orodha hiyo ilikuwa kweli. Bei ilikuwa dola 499 za Marekani kwa simu yenye nafasi ndogo ya kuhifadhi, na dola 599 kwa yenye nafasi kubwa zaidi. Mnunuzi alipaswa pia kufunga mkataba wa miaka miwili na kampuni moja ya mtandao. Mwezi Septemba mwaka huo huo ile ya dola 599 ilishushwa ikawa dola 399, na walioinunua mapema wakanung'unika sana. Simu ile ilipiga picha lakini haikuweza kupiga picha za video. Haikuweza kunakili maneno kutoka mahali pamoja na kuyaweka mahali pengine. Mtumiaji hakuweza kuongeza programu mpya za watengenezaji wengine. Nayo ilitumia mtandao wa intaneti wa kasi ndogo, ambapo nchi ya Japani ilikuwa na mtandao wa kasi zaidi tangu mwaka 2001.

Kisha palikuwa na suala la kuandika. Mtu aliyezoea vitufe huandika bila kutazama, kwa kuwa kidole huhisi ukingo wa kila kitufe. Kioo ni laini mahali pote. Herufi zilizochorwa juu yake hazina ukingo. Watengenezaji walitafuta njia ya kupunguza taabu hiyo: simu ilikisia herufi ambayo huenda ikafuata, kisha ikaipanulia herufi hiyo eneo la kuguswa bila kuonyesha badiliko lolote machoni. Huo ni werevu mkubwa. Lakini werevu huo hutegemea lugha ambayo simu imefundishwa. Simu isiyojua Kiswahili huyachukua maneno yetu kuwa makosa, ikayasahihisha mpaka barua ya shangazi ikawa haieleweki.

Tazama sasa simu ya vitufe yoyote utakayoiona. Juu ya kitufe cha namba 5 pana kinundu kidogo. Asiyeona hukipapasa kinundu hicho, akajua namba nyingine zote ziko wapi. Kwenye kioo cha mwaka 2007 hapakuwa na kinundu, wala simu haikuwa na sauti ya kumsomea yaliyoandikwa. Kwa mtu huyo, simu iliyosifiwa dunia nzima ilikuwa kipande cha kioo kisichosema neno. Mwaka 2009 ndipo ilipoongezwa programu ya kusoma kwa sauti kila kitu kinachoguswa. Watu wasioona wakaanza kuitumia simu hiyo, na leo wengi wao huandika na kusoma kwa njia hiyo. Lakini kwa miaka miwili waliachwa nje, na jambo hilo halikutajwa sana katika mabishano yale, kwa sababu waliokuwa wakibishana karibu wote walikuwa wanaona.

Kioo chenyewe

Simu iliyoonyeshwa mwezi Januari 2007 ilikuwa na uso wa plastiki. Kabla ya kuuzwa mwezi Juni, plastiki hiyo iliondolewa, kikawekwa kioo. Ili ujue sababu, fanya jaribio lifuatalo.

JARIBIO LA 2

Utahitaji: rula kuukuu ya plastiki, chupa tupu ya kioo isiyo na ufa, msumari na mchanga mkavu. Usitumie simu katika jaribio hili.

Kwaruza rula kwa ncha ya msumari. Kwaruza chupa vivyo hivyo, kwa nguvu ile ile. Futa alama kwa kitambaa na utazame kilichobaki. Kisha weka mchanga kidogo juu ya chupa na uusugue kwa kitambaa kinene.

Plastiki hupata mkwaruzo upesi. Juu ya kioo msumari huweza kuacha alama ya kijivu ambayo hufutika. Hiyo ni metali ya msumari iliyobaki juu, wala si mkwaruzo. Kioo ni kigumu kuliko plastiki, nacho hustahimili funguo na sarafu za mfukoni. Lakini mchanga umekwaruza chupa. Chembe nyingi za mchanga ni za madini yaitwayo kwazi, nayo ni magumu kuliko kioo. Anayeitia simu yake katika mfuko wenye mchanga wa pwani ataona alama baada ya siku chache.

Ugumu na uimara si kitu kimoja. Rula ikianguka sakafuni hujipinda kidogo na kubaki nzima. Kioo hakijipindi sana, hupasuka. Ili kukiimarisha, kioo cha simu nyingi hutumbukizwa katika chumvi iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi. Humo, chembe ndogo za sodiamu hutoka katika uso wa kioo, na chembe kubwa zaidi za potasiamu huingia mahali pake. Fikiri juu ya benchi lililokaliwa na watoto watano wa darasa la kwanza. Waondoe, uwakalishe vijana watano wa darasa la saba mahali pale pale. Watabanana bega kwa bega. Chembe za uso wa kioo nazo hubanana hivyo, na ufa hauwezi kupenya kwa urahisi kati ya chembe zilizobanana. Hata hivyo kioo hicho hupasuka kikiangukia jiwe. Simu ya vitufe mara nyingi huanguka, betri ikaruka upande na kifuniko upande. Mwenyewe huviokota, akaviunganisha, akaendelea na mazungumzo.

Betri na jua

Mtengenezaji alisema betri ya iPhone ya mwaka 2007 ingetosha kwa mazungumzo ya hadi saa 8, au kukaa bila kutumika hadi saa 250. Gawanya saa 250 kwa 24. Utapata siku 10 na saa 10. Sasa chukua simu ya vitufe iitwayo Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Hiyo ilikuwa na tochi kichwani, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilitajwa kuweza kukaa hadi saa 400, yaani siku 16 na saa 16. Simu za tochi bado zinatumika sana Afrika Mashariki. Huko Kenya wamezipa jina la "mulika mwizi."

Kwa nini tofauti hiyo? Kioo cha picha za rangi huhitaji mwanga wake chenyewe, na mwanga ni nishati itokayo katika betri. Kioo cha iPhone ya kwanza kilikuwa na nukta 320 kwa upana na 480 kwa urefu. Zidisha, upate idadi ya nukta zilizopaswa kuangazwa. Simu ya tochi ilikuwa na kioo kidogo cha rangi moja, na mchana kiliweza kusomeka kwa mwanga wa jua tu. Ndiyo maana mwenye simu ya tochi husoma ujumbe wake shambani saa sita mchana, na mwenye simu ya kupangusa hutafuta kivuli cha mwembe.

Betri za simu hizi mbili ni za jamii moja, za lithiamu. Wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi yao juu ya betri hizo. Ndani ya nyingi mna pia madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa pande za Kolwezi, ambako wachimbaji wengi huzungumza Kiswahili kama wewe. Baadhi yao huchimba kwa mikono, katika mashimo yanayoweza kubomoka. Bei iliyoandikwa dukani haionyeshi habari hiyo.

ANGALIZO: Usiifungue betri ya simu, usiitoboe, wala usiitupe motoni. Betri iliyovimba iache kuitumia, umwambie mtu mzima.

Betri ya simu ya tochi hutolewa kwa ukucha na kubadilishwa. Ile ya iPhone ilifungiwa ndani, na mwenyewe hakuweza kuibadilisha.

Mwaka ule ule, Afrika Mashariki

Mwezi Machi 2007, miezi mitatu kabla foleni za Marekani hazijaanza, kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa nchini Kenya. Huduma hiyo ilifika Tanzania mwaka 2008. Mtu aliweza kumtumia mama yake fedha kijijini kwa kubonyeza vitufe vya simu ya kawaida. Hakukuhitajika kioo cha kugusa, wala rangi, wala intaneti.

Jambo hili latufundisha kuuliza swali jipya. Hatuulizi tu "simu hii ina nini?" bali pia "inafanya kazi gani, ya nani, na mahali gani?"

Hata hivyo tusiwe wepesi kuidharau simu mpya. Upungufu wake mwingi haukudumu. Mwaka 2008 ilitoka iPhone ya mtandao wa kasi zaidi, na mwaka huo huo watumiaji wakaruhusiwa kuongeza programu. Kunakili maneno na kupiga video vilikuja mwaka 2009. Kampuni nyingine zilitengeneza simu za kugusa zinazoendeshwa na programu ya Android, na bei ikashuka: mwaka 2011 simu ya Huawei Ideos iliuzwa Kenya kwa bei iliyokuwa chini ya robo ya ile ya dola 599. Waliosema mwaka 2007 kwamba simu ya kugusa itabaki kuwa chombo cha matajiri walikosea.

Lakini tazama vizuri ni upungufu gani ulioondoka. Kunakili maneno kulihitaji programu mpya tu. Simu ile ile iliamka asubuhi ikiwa na uwezo huo. Mtandao wa kasi ulihitaji simu mpya yenye vipande vipya. Bali ulaini wa kioo, kuchanganyikiwa kwake na maji, na haja yake ya mwanga vimebaki hadi leo, ingawa vimepunguzwa. Hivyo vyatokana na asili ya kioo chenyewe, na asili hiyo hiyo ndiyo inayokiwezesha kuwa ramani sasa hivi na daftari baadaye.

Mjadala wa darasa

Zahanati moja iko kijijini, mbali na nyaya za umeme. Ina paneli ndogo ya jua inayochaji taa na simu. Serikali ya kijiji ina fedha za kununua simu moja tu ya zahanati. Muuguzi huitumia kuita gari usiku mama mjamzito anapozidiwa. Angependa pia kumpelekea daktari wa wilaya picha za vidonda na kupokea maelekezo. Wakati wa masika paneli hukaa siku nne bila jua la kutosha. Mtandao wa intaneti hupatikana ukipanda kilimani tu.

Wanakijiji wengine wanataka simu ya kioo cha kugusa. Wengine wanataka simu ya tochi.

Gawanyikeni pande mbili. Kila msemaji atoe hoja moja na ushahidi wake: jaribio alilolifanya, hesabu aliyoipiga, au jambo lililotokea na mwaka wake. Hoja isiyo na ushahidi isiandikwe ubaoni. Baada ya nusu ya muda, pande zote mbili zibadilishane, kila mmoja autetee upande aliokuwa akiupinga. Utaona kuwa nusu ya pili ni ngumu zaidi, na mara nyingi ndiyo yenye hoja bora.

MAZOEZI

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini kidole huhisiwa na simu ingawa kioo hakipitishi umeme.

2. Kwa nini ganda la ndizi huitikiwa na kijiti kikavu hakiitikiwi? Ungetazamia nini kama kijiti kingeloweshwa katika maji ya chumvi? Jaribu kwa ruhusa ya mwalimu.

3. Piga hesabu: kioo cha nukta 320 kwa 480 kina nukta ngapi kwa jumla? Ikiwa upana wake ni sentimeta 5, kila sentimeta moja ya upana ina nukta ngapi?

4. Taja upungufu mmoja wa simu ya mwaka 2007 ulioondolewa kwa programu, mmoja ulioondolewa kwa kutengeneza simu mpya, na mmoja ambao umebaki.

5. Rula ya plastiki haivunjiki upesi, na kioo hakikwaruziki upesi. Ungechagua kipi kwa uso wa simu ya mvuvi? Kwa simu ya karani wa ofisini? Toa sababu.

6. Mwulize mtu mzima mmoja aliyeanza na simu ya vitufe kisha akahamia simu ya kioo: amepata nini, na amepoteza nini? Andika majibu yake bila kuyabadilisha.

7. Funga macho. Rafiki yako akupe simu ya vitufe iliyozimwa, kisha simu ya kioo iliyozimwa. Kwa kupapasa tu, onyesha mahali pa namba 5 katika kila moja. Eleza ulichogundua.

8. Rudini kwenye zahanati. Kama muuguzi angeambiwa kuwa mnara mpya wa intaneti utajengwa kijijini mwaka ujao, lakini paneli ya jua itabaki ile ile, je, upande wako ungebadili hoja ipi?